Kisima chetu kinatoa maji maangavu, jioni yamekuwa rangi ya kutu

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimechoka kushauriwa na kila mtu jambo lake. Mwaka jana mimi na mume wangu tulichimba kisima kirefu nyumbani, tukafunga pampu ya umeme na tangi la plastiki juu ya mnara. Siku maji yalipotoka tulishangilia. Yalikuwa maangavu, ya baridi, hayana chumvi hata kidogo. Lakini ukiyakinga kwenye ndoo asubuhi, jioni unayakuta yamekuwa rangi ya kutu na chini kumetuama tope laini. Ukiyanywa unabakiwa na ladha ya msumari mdomoni. Chai nayo inakuwa nyeusi kabla hata majani hayajakolea.

Nguo ndizo zilizoniliza. Sare za shule za watoto ziliingia madoa ya manjano, nikazilowesha kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia, ile wengi tunayoiita jiki, na madoa yakakolea zaidi badala ya kutoka. Sinki, beseni na choo vyote vina michirizi ya hudhurungi.

Kuna mambo mawili ambayo sijui kama yana maana. Alfajiri pampu ikiwashwa, maji ya mwanzo hutoka yakiwa tayari mekundu, halafu baada ya muda yanakuwa maangavu. Na fundi alipofungua tangi ili alisafishe, alikuta ukuta wa ndani umefunikwa na utelezi mzito wa rangi ya kutu, unaovutika ukiushika.

Tulinunua chujio la mishumaa ya kauri, likaziba upesi sana. Muuzaji mwingine anatushawishi tununue mtambo wa kulainisha maji, na bei yake inatisha. Jirani mmoja anasema maji haya yanaongeza damu, mwingine anasema yataharibu figo zetu. Mume wangu ameamua tuchimbe kwenda chini zaidi. Tuna mtoto wa miezi mitano anayekunywa maziwa ya unga kwa chupa. Maji ya kunywa tunayatia klorini kila siku kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, ingawa juzi ndugu zake wawili wakubwa waliharisha.

Nisaidie, mwalimu. Tuanze wapi?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na hongera kwa kuandika kwa undani. Barua yako imetaja karibu kila dalili ninayohitaji.

Nitaanza na jambo uliloliweka mwishoni kwa mstari mmoja, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko madoa yote: watoto kuharisha wakati maji yanatiwa klorini. Klorini unayotia kwenye ndoo haiendi moja kwa moja kwa vijidudu. Inakutana kwanza na chuma, na chuma kinaila. Kila miligramu 1 ya chuma kilichoyeyuka humaliza takriban miligramu 0.64 za klorini. Tuseme maji yako yana miligramu 5 za chuma kwa lita, kiasi ambacho si cha ajabu kwa kisima chenye dalili ulizoeleza. Chuma hicho peke yake kitameza miligramu 3.2 za klorini katika kila lita. Dozi ya kawaida ya kutibu maji maangavu nyumbani ni kama miligramu 2 kwa lita. Kwa hiyo dawa inaisha yote kabla haijaua kidudu hata kimoja, na ninyi mnakunywa mkiamini maji yametibiwa. Ukiona maji yanageuka rangi dakika chache baada ya kutia dawa, jua ndicho kinachotokea. Ukinusa baada ya nusu saa usisikie hata harufu hafifu ya klorini, hakuna kinga iliyobaki.

Kwa hiyo kuanzia leo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, na mshikilie hilo hadi mtakapoweza kutoa chuma kwanza na kutia klorini baadaye. Mpangilio huo haugeuzwi. Watoto wakiendelea kuharisha wapewe dawa maalumu ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini (ORS) na wapelekwe kituo cha afya. Maziwa ya mdogo yatengenezwe kwa maji ya chanzo kingine mnachokiamini, nayo yachemshwe vilevile. Sababu yake si chuma, ni manganizi, madini mengine yanayoyeyuka ndani ya maji, nami nitaifikia.

Sasa hofu ya figo na tumaini la damu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa chuma katika maji ya kunywa, kwa kuwa katika viwango vinavyopatikana kwa kawaida watu huyakataa maji kwa rangi na ladha kabla chuma hakijafika kiasi cha kuwadhuru. Miligramu 0.3 kwa lita, namba utakayoiona kwenye karatasi nyingi za maabara, ni kipimo cha madoa na ladha: juu ya hapo nguo na sinki huanza kuchafuka. Hata miligramu 2 kwa lita shirika hilo haliioni kuwa hatari kwa afya. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni mtu mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ulimbikize chuma. Huyo amuulize daktari wake. Na aliyeambiwa ana upungufu wa damu asiache dawa kwa sababu kisima chake ni chekundu. Kiasi cha chuma hubadilika kutoka ndoo hadi ndoo, na kikishageuka tope kinabaki chini ya ndoo, hakifiki mwilini.

Kwa hiyo chuma chenyewe si adui mkubwa. Ubaya wake ni kwamba kinafunika mambo mengine: kinamaliza klorini, kinaziba vichujio, kinalisha utelezi, na kinawafanya watu wapime usalama wa maji kwa rangi. Maji mekundu yanaweza kuwa hayana kinyesi hata chembe, na maji maangavu kabisa yakawa yamejaa. Rangi haikuambii lolote kuhusu hilo.

Kwa nini yatoke maangavu kisha yabadilike? Maji ya mvua yanaposhuka ardhini, viumbe wadogo wa kwenye udongo hutumia oksijeni iliyomo. Chini kabisa oksijeni inakwisha, na hapo chuma kilichomo kwenye mawe na udongo huanza kuyeyuka ndani ya maji, bila rangi, sawa na sukari ndani ya glasi. Pampu inayaleta juu, hewa inayagusa, na chuma kile kile kinabadilika kuwa chembe za kutu zisizoyeyuka. Tope lililo chini ya ndoo yako ni hilo. Nawe unalijua tayari, maana ndoo yako inakutengenezea kila siku kati ya asubuhi na jioni.

Lakini hiyo ni sehemu moja tu ya barua yako. Nikiisoma vizuri naona una matatizo matatu, si moja, na ndiyo sababu kila anayekushauri anapata kitu cha kusema na hakuna anayekuponya. La kwanza ni chuma kilichoyeyuka kutoka ardhini, kinachoonekana jioni. La pili ni maji mekundu ya alfajiri. Chuma cha ardhini hakiwezi kutoka kikiwa tayari chekundu halafu kikapungua baada ya pampu kufanya kazi. Nashuku bomba linalopandisha maji kutoka kwenye pampu, au bomba la ndani la kuzuia kuta za kisima, ni la chuma na linaliwa. Maji yenye asidi yakilala humo usiku kucha yanakula chuma hicho, na zinki iliyopakwa juu yake haidumu maji yanapokuwa na pH (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) chini ya 6.5. La tatu ni utelezi wa kwenye tangi, ambao ni makazi ya bakteria wanaoishi kwa kubadilisha chuma. Hawawaambukizi watu ugonjwa, ila wanaziba mabomba na kuchafua tangi, na chini ya utelezi wao vijidudu vingine hupata maficho.

Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haigusi jingine. Nakusihi usinunue chochote kabla hujapima. Upimaji wa kwanza unaufanya mwenyewe. Alfajiri, kabla mtu hajafungua bomba, kinga maji kwenye kisima chenyewe, si kwenye tangi, katika chupa ya kioo iliyo safi. Acha pampu ifanye kazi nusu saa hadi saa nzima, mpaka maji yaliyolala yote yatoke, halafu kinga chupa ya pili. Zijaze hadi mdomoni, zifunike, uziandike saa. Chupa ya kwanza ikiwa nyekundu papo hapo na ya pili maangavu, bomba lina hatia. Ile ya pili umimine nusu yake kwenye chombo kingine, uitikise sana ipate hewa, uiache hadi kesho. Ikitengeneza tope chini na juu ikabaki maangavu, hiyo ni habari njema: hewa na mchanga vitakufaa. Ikibaki na rangi ya chai isiyotuama hata ikilala siku nzima, chuma chako kimeshikamana na mabaki ya mimea iliyooza, na hapo hewa peke yake haitoshi. Utahitaji shabu au dawa nyingine ya kugandisha chembe, tena kwa vipimo vya mtaalamu. Kwa maelezo yako nadhani uko kwenye kundi la kwanza.

Upimaji wa pili ni wa maabara. Waombe wapime chuma cha jumla na chuma kilichoyeyuka, manganizi, pH, aseniki (sumu inayotoka kwenye mawe na udongo), na vijidudu vya kinyesi. Chupa zichukue kwao. Ya chuma huwa na asidi kidogo ndani ili chuma kisigande njiani, kwa hiyo usiisuuze. Ya vijidudu huwa imetakaswa. Usiguse mdomo wake, iweke kwenye ubaridi na ifike siku hiyo hiyo. Kuhusu pH, omba ipimwe pale pale kisimani. Maji ya chini hubeba gesi ya kaboni, ile ya kwenye soda, na ikishatoka hewani pH hupanda. Karatasi itakuonyesha 7 wakati ndani ya bomba lako ni 6.

Manganizi hutembea na chuma mara nyingi, na doa lake ni jeusi kuliko jekundu. Tofauti na chuma, hilo Shirika la Afya Duniani limeliwekea kikomo cha kiafya: miligramu 0.08 kwa lita, kilichowekwa mwaka 2021 kwa kumfikiria hasa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga, kwa sababu chakula chake chote ni maji hayo. Kuchemsha hakuliondoi. Ndiyo maana nimesema mdogo apate maji ya kwingine hadi karatasi irudi. Aseniki nayo huweza kuyeyuka kwenye maji ya chini yasiyo na oksijeni, kama chuma, wala haina rangi, harufu au ladha. Bangladesh ilikuja kulitambua hilo miaka ya 1990, watu wakiwa wamekwisha kunywa kwa miaka mingi. Kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Si kila kisima chenye chuma kina aseniki, ila kipimo hicho nakisisitiza kwa kila anayeniandikia.

Tuje kwenye tiba. Kama bomba ndilo linaloliwa, hakuna chujio litakalokusaidia, kwa kuwa unachuja leo na kesho bomba linatoa kutu nyingine, hadi siku litakapotoboka na pampu kubaki chini. Libadilishwe, liwekwe la plastiki ngumu linalofaa uzito wa pampu yako na kina cha kisima, au la chuma kisichoshika kutu. Fundi akikuambia aweke tena la chuma lililopakwa zinki kwa kuwa ni imara, muulize pH ya kisima chako ni ngapi. Kama hajui, bado hajawa tayari kukushauri.

Kwa chuma cha ardhini, tiba ninayoipenda kwa nyumba ni ya kale: hewa, muda, mchanga. Hewa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Miligramu 1 ya oksijeni inatosha kubadilisha miligramu 7 za chuma, na maji yaliyopata hewa vizuri yana oksijeni kama miligramu 8 kwa lita. Bomba linaloingia kwenye tangi likimalizikia kwenye bomba la kulala lenye matundu madogo mengi, maji yakanyesha kutoka juu badala ya kuingia kwa mkondo mmoja, kazi hiyo imekwisha. Kunyesha huko kunatoa pia gesi ya kaboni na kupandisha pH, na pH ndiyo inayoamua mwendo. Ikiwa 7 au zaidi, chuma kinageuka ndani ya dakika. Ikishuka kwa 1 tu, kutoka 7 hadi 6, mwendo unapungua takriban mara 100, na dakika zinakuwa saa nyingi. Wengi huweka hewa, wakaona maji bado yanabadilika baada ya chujio, wakalaumu mchanga. Kosa si la mchanga. Maji yamepita kabla chuma hakijageuka. Kama pH yako iko chini baada ya maji kunyesha, yapitishe kwanza kwenye pipa la vipande vidogo vya mawe ya chokaa. Yatayeyuka polepole na kupandisha pH, nawe utaongeza vingine vinapopungua.

Baada ya hewa, maji yatulie. Tangi lako la sasa linaweza kuwa la kutulia, mradi bomba la kutolea liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, na chini kabisa kuwe na koki ya kumwagia tope. Kutoka hapo yapite kwenye chujio la mchanga. Pipa la lita 200 la plastiki, ambalo halikuwahi kubeba kemikali, linatosha kuanzia: kokoto zilizooshwa, kama sentimita 15 chini, halafu mchanga uliooshwa na kuchekechwa, kama sentimita 50, na nafasi ya maji juu. Usiyalazimishe. Kwa pipa la upana huo, lita 250 kwa saa ni mwendo wa kutosha. Ukitaka zaidi, ongeza pipa la pili pembeni. Wiki za mwanzo huenda matokeo yasikuridhishe. Subiri. Punje za mchanga zinajipaka utando wa kutu, na utando huo wenyewe unavuta chuma kutoka kwenye maji na kukigeuza haraka zaidi. Nimeona watu wakiumwagia klorini mchanga na kuusugua hadi ung'ae kwa kupenda usafi, kisha chujio likarudi kuwa la siku ya kwanza. Maji yakianza kupita kwa shida, vuruga sentimita chache za juu na umwage maji machafu, au sukuma maji safi kutoka chini kwenda juu mpaka tope litoke. Hilo linatosha. Tope lenyewe limwagwe mbali na kisima na bustani ya mboga, na kama maabara imeona aseniki, ulifukie mbali na maji, kwa sababu kutu huvuta aseniki na kuikusanya humo.

Sasa unaona kwa nini mishumaa ya kauri iliziba. Matundu yake ni ya kuzuia bakteria, nawe ulikuwa unaipelekea tope la chuma moja kwa moja. Usiitupe. Baada ya mchanga inaweza kukufaa sana.

Mtambo wa kulainisha maji umetengenezwa kwa ajili ya chokaa, yaani maji magumu yasiyotoa povu la sabuni. Unaweza kuondoa chuma kidogo kilichoyeyuka, mradi kisikutane na hewa kabla ya kuingia. Maji yako yana kutu na utelezi tayari, na vyote viwili vitapaka punje zilizo ndani yake hadi mtambo uharibike mapema. Kwa kisima chako siushauri. Ipo mitambo mingine, ya mchanga maalumu uliopakwa manganizi, ambayo baadhi yake huoshwa kwa kemikali iitwayo potasiamu pamanganeti, na hiyo hufanya kazi nzuri pale pH na pampu vinaporuhusu. Muuzaji akija nayo muulize mambo haya: mtambo unapokea chuma kiasi gani, kwenye pH gani, na unahitaji maji kiasi gani kwa dakika wakati wa kujiosha. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, maana pampu nyingi za nyumbani hazifikishi nguvu hiyo, na mtambo usiojiosha unaziba. Kuna pia wanaouza unga wa fosfeti unaokishika chuma kisigeuke rangi. Chuma kinabaki kwenye maji, na ukiyachemsha nguvu yake inapotea na kutu inatokea sufuriani. Kwa nyumba inayochemsha maji kila siku sioni faida yake.

Utelezi unahitaji mkono kabla ya dawa. Klorini haipenyi utelezi mnene, kwa hiyo sugueni tangi kwanza, mtoe vyote, kisha ndipo mtie dawa kisimani na kwenye mabomba. Kisima chenye upana wa sentimita 15 kina kama lita 18 za maji kwa kila mita. Kikiwa na mita 40 za maji, hizo ni kama lita 700. Kufikia miligramu 100 kwa lita unahitaji gramu 70 za klorini, yaani lita 2 za dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni. Zima umeme kabla ya kufungua mfuniko. Changanya dawa kwenye ndoo kubwa za maji kwanza, mimina, kisha rudisha maji ya pampu kisimani kwa mpira ili yaoshe kuta. Yaache yalale saa 12 hadi 24, halafu yapampwe nje, mbali na mimea na shimo la choo, hadi harufu iishe. Siku hiyo maji yatatoka machafu kuliko ulivyowahi kuona. Ni utelezi unaobanduka. Mchanga wa chujio ufungwe pembeni, usiguswe na dawa hiyo. Na bakteria hawa hurudi, kwa sababu chakula chao kiko ardhini. Ukiona utelezi ndani ya kisanduku cha maji cha choo, ni wakati wa kurudia. Wasomaji wengine wenye visima vya kuchimbwa kwa mkono, tafadhali msiteremke kusugua: hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na mtu hupoteza fahamu kabla hajapiga kelele.

Kuhusu mume wako, namwelewa, ila namwomba asubiri. Kwenda chini zaidi mara nyingi ni kwenda mahali penye oksijeni pungufu zaidi, na chuma kinaweza kuongezeka. Kuchimba upya kuna maana pale tu vipimo vya visima vya jirani vinapoonyesha kuwa tabaka fulani lina maji bora. Waulize majirani kina cha visima vyao na walichoambiwa na maabara. Fedha za uchimbaji zitangulie kwenye vipimo, halafu bomba, halafu mchanga.

Mchanga ukishaanza kufanya kazi, maji ya ndoo yakilala hadi kesho bila kubadilika rangi, ndipo urudi kwenye klorini ya kunywa. Tia dozi ya kwenye chupa, subiri nusu saa, upime kwa vile vikaratasi au matone ya kupimia klorini. Ukikuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita imebaki, dawa imewafikia vijidudu. Hapo unaweza kuacha kuchemsha.

Na nguo. Jiki ilikolesha madoa kwa sababu klorini inafanya kazi ile ile ya hewa, kwa kasi zaidi: iligeuza chuma kuwa kutu ndani ya uzi wenyewe. Doa la kutu hutoka kwa asidi. Paka maji ya ndimu na chumvi, anika juani kwa saa moja au mbili, suuza, rudia. Madoa ya zamani yatahitaji dawa ya kutoa kutu yenye asidi ya oksaliki, nayo ni sumu: vaa glavu, ifungie mbali na watoto, suuza nguo mara nyingi. Kabla ya yote suuza jiki yote itoke, kwa kuwa ikikutana na ndimu, siki au dawa hiyo inatoa gesi inayoumiza mapafu. Kwa sasa fulia maji yaliyolala usiku kucha, uyamimine taratibu ukiacha tope chini.

Majibu ya maabara yakirudi niandikie namba zake, hasa pH iliyopimwa kisimani na manganizi, pamoja na kina cha kisima na aina ya bomba. Nitakuambia kama pipa la mawe ya chokaa linahitajika, na kama mdogo anaweza kuanza kutumia maji ya nyumbani.